Mkoba wa Dola na Sitara ya Raia



Mwezi wa Aprili 2024 Bunge na Baraza la Umoja wa Ulaya walipitisha kanuni yenye namba 2024/1183, ambayo ilianza kuwa na nguvu tarehe 20 Mei mwaka huo huo, na ambayo inaiwajibisha kila dola mwanachama, kubwa kama Ujerumani na ndogo kama Malta, kuwapatia wakazi wake, kabla ya mwaka 2026 kwisha, mkoba wa utambulisho wa kidijitali: yaani programu ya simu ya mkononi ambamo mtu ataweka kitambulisho chake, leseni yake ya udereva, shahada yake ya chuo na hati nyingine alizopewa na mamlaka mbalimbali, apate kuzionyesha popote anapotakiwa kujithibitisha, iwe mbele ya karani aliyeketi dirishani au mbele ya tovuti ya benki iliyo katika nchi nyingine. Maneno ya kanuni hiyo ni mengi na makavu, na wengi waliosikia habari zake wameichukua kuwa ni shughuli ya wahandisi na mawakili tu. Mimi nimesimama jioni hii kudai kinyume chake. Nadai ya kwamba ndani ya kanuni hiyo, na ndani ya mitambo inayojengwa kwa ajili yake, limo suala la zamani sana la utawala, nalo ni hili: dola inayomjua kila raia wake, je, iko tayari kujifunga macho yenyewe ili isijue zaidi ya inavyohitaji kujua? Kumtambua mtu ni kazi ambayo serikali zimeifanya tangu zama za daftari na wino. Kazi iliyo ngumu, na ndiyo inayopima uungwana wa mkoba huu, ni kumwezesha mtu athibitishe jambo moja linalomhusu bila ya kufuatwa nyayo zake zote.

Na tuutazame mfano mmoja kwa karibu. Mtieni akilini msichana wa Kiitalia aliyeteremka katika uwanja wa ndege wa Lisbon, akaenda kwenye meza ya kampuni ya kukodisha magari. Anafungua mkoba wake, na simu inatoa juu ya kioo msimbo wa mraba, ule wa QR. Mashine ya karani inausoma, na tangu hapo vyombo viwili vinazungumza kwa Bluetooth, kwa maneno yaliyofumbwa, wala havihitaji intaneti. Mashine inaleta ombi lake: jina, picha, aina ya magari aliyoruhusiwa kuendesha, na tarehe leseni itakapokwisha. Simu inamwonyesha msichana ni nani aombaye na anaomba nini, naye akiridhika anaweka kidole au namba yake ya siri. Hapo yanatoka yale manne yaliyoombwa, yakifuatana na saini ya mamlaka ya Italia iliyoitoa leseni, na pamoja nayo saini nyingine mpya, iliyopigwa papo hapo na ufunguo wa siri wa mkoba wake, inayoyafunga majibu hayo na mazungumzo ya dakika ile peke yake, hata kama kuna mwizi aliyeyanasa hewani asiweze kuyatumia kesho mahali pengine. Anwani ya nyumba yake haikuombwa, na haikutoka. Kadi ya plastiki ingaliyaweka yote yaliyoandikwa juu yake mbele ya macho ya karani, atake asitake. Lakini jambo ninalowaomba mlikumbuke kuliko yote ni kwamba huko Roma hakuna aliyeulizwa lolote. Mamlaka iliyoitoa leseni haikupata habari kwamba mwenye leseni yuko Lisbon, wala kwamba amekodi gari, wala saa aliyolikodi.

Katika muamala huu wamo watatu: mtoaji wa hati, ambaye ni idara ya dola, au chuo, au bima ya afya, mshika mkoba, ambaye ni raia, na mthibitishaji, ambaye ni yule aombaye kuonyeshwa. Katika mitambo iliyozoeleka sasa, ile ya kubonyeza kitufe cha kampuni kubwa ili uingie katika tovuti ya mtu mwingine, mtoaji na mthibitishaji huzungumza wao kwa wao, na kwa hiyo mtoaji huujua kila mlango unaoubishia hodi. Wasanifu wa mkoba wamewatenga hao wawili kwa makusudi, wakamweka raia katikati, ili kila hati ipite mkononi mwake na kwa idhini yake. Huo ndio uamuzi mkubwa kupita yote waliyoamua, na sifa wanayostahili kwa uamuzi huo nawapa bila ya kinyongo.

Hati ya kwanza kuingia mkobani ni ile ya dola yenyewe, yenye jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na uraia wa mtu. Ili hati hiyo isinakiliwe kutoka simu moja hadi nyingine, hufungamanishwa na jozi ya funguo: mmoja wa wazi, unaoandikwa ndani ya hati, na mmoja wa siri, usiotoka kamwe mahali ulipozaliwa. Mahali hapo ni wapi? Hapa nadharia imekutana na soko. Kanuni inadai kiwango cha juu cha uthabiti, na simu walizo nazo watu ni za namna mia, nyingine zina chipu madhubuti iliyokaguliwa, nyingine hazina, na milango ya chipu hizo imo mikononi mwa watengenezaji walio nje ya Ulaya. Kwa ajili hiyo baadhi ya nchi, Uholanzi ikiwa mojawapo, zimeamua kuziweka funguo za siri za raia katika vyombo maalumu vya kuhifadhia funguo vilivyo katika kituo cha seva, na simu ya raia, kwa namba yake ya siri na ufunguo wake mdogo, huiamuru seva ipige saini kwa niaba yake. Ni ufumbuzi wa busara, na unampa mwenye simu ya bei nafuu ulinzi ule ule wa mwenye simu ya fahari. Walakini seva ya namna hiyo, hata isipojua saini inapelekwa kwa nani, hujua kwamba saa fulani ufunguo wa mtu fulani umeombwa kazi. Nitalirejea jambo hili.

Sasa tuingie katika hati yenyewe, tuone vipi mtu anaweza kufunua neno moja na kusitiri mengine, ilhali saini ya mtoaji imeyafunika yote kwa pamoja. Mtoaji hayachukui maelezo ya mtu akayapiga saini kama yalivyo. Hulichukua kila elezo mbali, jina mbali, tarehe ya kuzaliwa mbali, anwani mbali, akaliunganisha na tarakimu za nasibu zenye biti 128, kisha akalipitisha katika hesabu iitwayo SHA-256, ambayo humeza maandishi yoyote, mafupi au marefu, ikatoa namba moja ya biti 256, na ambayo hakuna ajuaye njia ya kuirudisha nyuma ili apate maandishi ya asili. Kinachopigwa saini ni orodha ya namba hizo. Ni kama bahasha zilizotiwa lakiri na kupangwa, muhuri ukapigwa juu ya orodha ya bahasha wala si juu ya barua: mwenye mali hufungua aitakayo mbele ya mwulizaji, na zilizobaki hubaki zimefungwa bila ya muhuri kuharibika. Mwulizaji hupokea elezo moja na tarakimu zake za nasibu, huzipitisha mwenyewe katika hesabu ile ile, na akiikuta namba iliyotoka imo katika orodha iliyopigwa saini, basi ameridhika.

Mtu aweza kuuliza, tarakimu za nasibu za nini, maadam hesabu hairudi nyuma? Jibu lake ni zuri kwa mtu anayependa kuona jinsi hila ndogo inavyookoa jambo kubwa. Siku zote za miaka mia moja ni 36,525 tu. Lau tarehe ya kuzaliwa ingalipitishwa peke yake, mwenye duka angeziandika tarehe zote hizo, akazipitisha katika SHA-256 moja baada ya moja, jambo ambalo kompyuta ya kawaida hulimaliza kabla ya mtu kuvuta pumzi mbili, akalinganisha na orodha, na siri ya umri ikawa imekwisha. Nasibu ya biti 128 huifanya kazi hiyo kuwa muhali. Aidha, mtoaji huongeza elezo la pekee lisemalo kwamba mtu huyu ametimiza miaka 18, ndiyo au siyo, ili mwuza mvinyo asihitaji kuijua tarehe kabisa.

Haya ninayoyasimulia yameandikwa katika viwango viwili vinavyokwenda sambamba, ISO 18013-5 ya mwaka 2021, iliyotungwa kwa ajili ya leseni za udereva, na kile kiitwacho SD-JWT, kilichotungwa na wanaoandika viwango vya intaneti. Na mkoba wa Ulaya umevikubali vyote viwili. Tofauti zao ni za kiufundi na hazitusaidii kitu jioni hii.

Kasoro iliyopo imo ndani ya saini, nami nitakaa hapo kidogo, kwa kuwa ndipo penye roho ya jambo. Saini ya mtoaji iliyo juu ya ile orodha nayo ni namba, na namba hiyo haibadiliki. Raia akiionyesha hati yake katika duka la dawa asubuhi na katika ukumbi wa muziki usiku, hata kama pote pawili hakufunua lolote ila umri, wenye duka na wenye ukumbi wakikutana na kulinganisha kumbukumbu zao wataiona saini ile ile, wajue kuwa ni mtu mmoja. Na mtu anayefuatika mahali kumi hana haja ya kutajwa jina ili ajulikane ni nani. Wajenzi wameliona jambo hili, na dawa waliyoiandaa ni kumpa raia nakala nyingi za hati moja, kila nakala na ufunguo wake na saini yake, aitumie mara moja na kuitupa, simu ikaomba nyingine kimya kimya zinapokaribia kwisha. Dawa hiyo inawatosha wenye maduka. Haimtoshi mtoaji, kwa sababu yeye ndiye aliyezipiga saini zote, na akipenda kuziweka katika daftari lake anaweza. Siku atakayoletewa saini na mwenye duka, atamtaja mwenyewe kwa jina lake na la babaye. Anayemzuia ni sheria na uaminifu wake. Hesabu haimzuii.

Na hesabu ya kumzuia ipo, tena ipo muda mrefu. Mwaka 1985 David Chaum alichapisha makala iliyoonyesha namna mtu anavyoweza kushika shahada nyingi zisizoweza kuunganishwa. Mwaka 2001 Jan Camenisch na Anna Lysyanskaya wakatunga saini ambayo mwenye hati huweza kuthibitisha kuwa anayo bila ya kuionyesha yenyewe. Na mwaka 2004 Dan Boneh, Xavier Boyen na Hovav Shacham wakatoa nyingine iliyo nyepesi zaidi, ambayo matoleo yake ya baadaye wahandisi huyaita BBS kwa herufi za majina yao. Kwa saini za namna hii mthibitishaji hupokea kila mara ushahidi mpya, usiofanana na wa jana, unaomhakikishia kwamba anayesimama mbele yake ana hati halali ya mamlaka fulani na kwamba umri wake umetimia, na mtoaji mwenyewe akionyeshwa ushahidi huo hawezi kusema ni wa nani kati ya watu wote aliowapa hati. Kanuni ya Ulaya, katika kifungu chake cha 5a, inakataza mfumo usimpe mtoaji wala mtu mwingine yeyote njia ya kufuatilia na kuunganisha miamala ya raia baada ya hati kutolewa, na inataka zitumike mbinu zinazozuia kuunganishwa pale ambapo jambo linalothibitishwa halihitaji kumtambulisha mtu. Mwaka 2024 kundi la mabingwa wa kriptografia, wakiwamo Camenisch na Lysyanskaya wenyewe, na Bart Preneel wa Leuven, waliandika waraka wa kueleza kwamba usanifu uliopendekezwa hauyafikii matakwa hayo ya sheria, wakahimiza saini za aina hiyo zitiwe ndani.

Kwa nini hazikutiwa tangu mwanzo? Sababu zilizotolewa zina uzito, wala sitaki kuwadhulumu waliozitoa. Chipu za usalama zilizo katika simu zinajua kupiga saini za aina chache sana, na BBS haimo. Orodha za hesabu zilizoidhinishwa na mamlaka za usalama za dola hazikuwa zimeiingiza wakati mfumo ulipokuwa ukisanifiwa. Na tarehe iliyowekwa na sheria haimngoji mtu. Kisha Desemba 2024 watafiti wawili wa Google, Matteo Frigo na abhi shelat, walionyesha kwamba ushahidi usiofunua unaweza kujengwa hata juu ya zile saini za kawaida ambazo chipu za sasa zinazijua, na mnamo Julai 2025 programu ya kazi hiyo ikatolewa wazi kwa yeyote atakaye kuisoma. Kwa maoni yangu, tangu siku hiyo kisingizio cha chipu kimepungua nguvu sana. Kilichobaki ni nia.

Huenda mtu akasema kwamba nachokonoa vijambo vidogo, na ya kwamba mtoaji ni serikali ya kidemokrasia iliyochaguliwa na watu, kwa hiyo ina ubaya gani ikijua? Jibu la swali hilo liko Amsterdam. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Uholanzi ilikuwa na daftari la wakazi lililopangwa kwa ustadi usio na kifani, likiwa na safu ya dini ya kila mtu, na lililoandikwa kwa madhumuni mema kabisa ya utawala bora. Wajerumani walipoiteka nchi Mei 1940 walilikuta tayari, na mtumishi mmoja wa serikali, Jacob Lentz, akawabunia na kitambulisho kigumu mno kughushiwa. Usiku wa tarehe 27 Machi 1943 wapinzani wa utekaji, wakiongozwa na msanii Willem Arondeus na mchonga sanamu Gerrit van der Veen, walivaa sare za polisi, wakaingia katika ofisi ya daftari la Amsterdam, wakaitia moto kwa mabomu, wapate kuteketeza kadi za majina. Hawakuweza kuziteketeza zote, na wengi wao walikamatwa. Arondeus na wenziwe wakapigwa risasi tarehe 1 Julai mwaka huo. Karibu robo tatu ya Wayahudi wa Uholanzi waliuawa katika vita vile. Serikali iliyoliandika daftari haikuwa ndiyo iliyolitumia, na hilo ndilo linalopaswa kukumbukwa na kila mtu anayejenga daftari leo. Ulaya ya baada ya vita ililikumbuka: tarehe 15 Desemba 1983 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, iliyoko Karlsruhe, ilipokuwa ikihukumu kesi ya sensa, ilitamka kwamba kila mtu ana haki ya kujiamulia habari zake zitolewe na zitumike vipi, kwa hoja kwamba asiyejua nani anajua nini juu yake ataogopa hata kuhudhuria mkutano au kujiunga na chama. Kutoka hukumu hiyo mpaka kifungu cha 5a ni njia moja iliyonyooka.

Jambo jingine lililo dogo kwa umbo na kubwa kwa athari ni kubatilisha hati. Leseni ikifutwa leo, mwenye meza ya magari atajuaje? Njia nyepesi ni mashine yake kuiuliza mamlaka kila mara: je, hati namba fulani bado ni halali? Na mkikumbuka mfano wa Lisbon mtaona kwamba swali hilo moja linaubomoa ukuta wote uliojengwa, kwa kuwa mamlaka ikiulizwa imekwisha kujua mtu yuko wapi. Waliosanifu vizuri wamepata njia ya kupendeza. Mamlaka huchapisha mfuatano mrefu wa biti, kila hati imepewa nafasi yake ndani yake, sifuri ikiwa hai na moja ikiwa imefutwa, na mthibitishaji huuteremsha mfuatano wote kwa pamoja, kisha huitazama nafasi anayoihitaji akiwa peke yake. Hati milioni moja huingia katika baiti 125,000, kiasi kilicho kidogo kuliko picha moja ya simu. Hivyo mamlaka hujua kwamba kuna mtu ameliteremsha daftari, isijue alikuwa akimtafuta nani. Njia nyingine ni kutoa hati zenye umri wa chini ya saa 24, ambazo hufa zenyewe kabla haja ya kuzifuta haijatokea.

Nisiwasahau wanaouliza. Kanuni inamtaka kila mthibitishaji ajiandikishe katika nchi yake, aseme ataomba maelezo gani na kwa ajili gani, na inamkataza kuomba zaidi ya hayo. Nao mkoba unatakiwa kumwekea raia kumbukumbu ya wote aliowaonyesha hati, na njia ya kumshitaki mwenye kuvuka mpaka kwa mamlaka ya ulinzi wa data. Mimi ningependa simu yenyewe ikatae, kwa maandishi makubwa, ombi lililozidi idhini, kwa sababu mtu aliye na mzigo mkononi na foleni nyuma yake hataisoma orodha ya maneno kumi na mawili, atabonyeza kubali. Tena kuna hatari ambayo haikuwapo zamani: maelezo yaliyopigwa saini na dola, yakiibwa kutoka ghala la mfanyabiashara, yana thamani kubwa sokoni kuliko maelezo matupu, kwa kuwa mnunuzi wake hana shaka nayo. Kitambulisho cha Ujerumani chenye chipu, kilichoanza kutolewa Novemba 2010, kilikwepa hatari hiyo kwa kuyatoa maelezo ndani ya njia iliyothibitishwa bila ya kuyapiga saini, na kiliweza kuthibitisha umri, na kumpa mtu jina la bandia tofauti kwa kila huduma, miaka mingi kabla ya kanuni hii. Nani alikitumia? Wachache, kwa kuwa huduma zilizokipokea zilikuwa haba, na wenye kadi wengi hawakupata kuizoea namba yake ya siri.

Estonia ilipata mtihani wa aina nyingine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, mjini Brno, waligundua kwamba chipu za kampuni ya Infineon zilikuwa zikitengeneza funguo kwa njia ya mkato, hata ufunguo wa siri ukawezekana kukokotolewa kutoka ule wa wazi. Kadi zipatazo 750,000 za Waestonia, zilizotolewa tangu Oktoba 2014, zilikuwa na chipu hizo, katika nchi yenye watu milioni 1.3. Serikali yao ilipopewa habari mwisho wa Agosti haikuificha: ilitangaza mapema Septemba, ikawaandalia watu namna ya kubadili funguo wakiwa majumbani kwao, na mapema Novemba ikasimamisha vyeti vya kadi zote zilizokuwa hazijabadilishwa, ingawa ilijua kelele zitakazofuata na foleni zitakazojaa katika ofisi za polisi. Ninawaheshimu kwa hilo. Mfumo wa utambulisho utakuwa na kasoro, hapana shaka, na aliyeujenga atapimwa kwa siku alizochelewa kusema.

Sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki tuna haki maalumu ya kuyasikiliza haya kwa makini. Kenya ya wakoloni iliwaandikisha wanaume wa Kiafrika kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawatia alama za vidole na kuwavisha kipande ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, kikiwa na habari za kila mwajiri na kila mshahara, na Harry Thuku na wenzake walipokipinga mwaka 1921 walikuwa wakipinga kufuatwa nyayo kwa maana yake kamili. Karne moja baadaye, serikali huru ya Kenya ilipoleta Huduma Namba, mfumo wake wa kuwasajili wakazi wote kwa namba moja, Jukwaa la Haki za Wanubi lilikwenda mahakamani, likisema kwamba watu ambao siku zote wamesumbuka kupata vitambulisho ndio watakaoachwa nje ya mfumo mpya. Na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilizuia kukusanywa kwa DNA na mahali pa makazi kwa njia ya setilaiti, ikaamuru mfumo usiendelee bila ya sheria ya kutosha. Mnamo Oktoba 2021 mahakama hiyo ikasema tena kwamba kadi zilitolewa bila ya kutathminiwa kwanza athari zake kwa data za watu. Hukumu hizo mbili zinastahili kusomwa Brussels kama vile kanuni ya Brussels inavyostahili kusomwa Nairobi na Dodoma. Tena wamo wenzetu waliohamia Uholanzi, Ujerumani na Sweden, ambao watapewa mkoba huu wao wenyewe.

Kwao hao, na kwa kila mkazi, kanuni imesema kwamba kutumia mkoba ni hiari, na asiyetaka asinyimwe huduma wala kazi kwa sababu hiyo, na ya kwamba mkoba ni bure. Hiari hiyo italindwa na jambo moja tu, nalo ni kubaki kwa dirisha lenye karani anayepokea kadi na karatasi, karibu na watu, siku zote za kazi. Dirisha likifungwa kwa kubana matumizi, hiari imekwisha hata kama neno lake bado limo katika gazeti rasmi.

Nalirejea lile la seva. Kanuni imeamuru kwamba programu ya mkoba itolewe wazi, msimbo wake usomwe na yeyote, na hilo ni jambo la kushukuru sana. Lakini imeziruhusu dola, zikiwa na sababu, kusitiri msimbo wa sehemu zile zisizokaa katika simu ya mtumiaji. Yaani sehemu iliyomo mfukoni mwa raia lazima iwe wazi, na sehemu iliyo katika kituo cha dola, ambamo funguo za raia zimehifadhiwa na ambamo inajulikana ni saa ngapi zimeombwa kazi, yaweza kufichwa. Waholanzi wanaujenga mkoba wao hadharani, seva na simu pamoja, na mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma usiku huu akiwa Mombasa au Muscat. Wakazi wa nchi nyingine ishirini na sita wanayo haki ya kuziuliza serikali zao, kabla mwaka 2026 haujakwisha, kumbukumbu za seva hiyo zinawekwa kwa siku ngapi, zinasomwa na nani, na kwa amri ya hakimu gani.